Askari waliokosekana vitani: kabla ya kubadilishana wafungwa, majina kwanza

Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kuna swali moja ambalo halipati jibu kwenye kambi za jeshi, kwenye makanisa na kwenye simu za familia nyingi za Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri na hata mbali zaidi. Wale askari waliokuwa kwenye mstari wa mbele wako wapi? Wengine walikufa. Wengine walishikwa. Wengine walivuka ziwa ao walikimbilia porini. Na wengine, hakuna mtu mwenye kusema neno juu yao.

Kule Doha, nchini Qatar, serikali ya Kinshasa na AFC/M23 walitia sahihi tarehe 14 Septemba 2025 juu ya njia ya kubadilishana wafungwa. Tarehe 15 Novemba wakatia sahihi tena kwenye mkataba wa jumla wenye sehemu nane, na ile ya wafungwa ni moja yao. Watu wengi walisikia habari hiyo kwa redio na wakawaza: basi, mtoto wetu anarudi. Lakini kusikia "kubadilishana wafungwa" si sawa na kusikia "watu wetu watapatikana". Kati ya hayo mawili kuna kazi moja inayoonekana ndogo, kumbe ndiyo nzito kuliko zote: kuandika majina.

Makundi manne ya watu, swali moja

Tuanze na kuwatenganisha, juu mara nyingi tunawaweka wote katika kapu moja.

Kundi la kwanza ni wale walioweka silaha chini na kukimbilia kwenye kambi za MONUSCO mjini Goma. Walikuwa mamia ya askari na polisi, wengine pamoja na wake na watoto. Walikaa humo miezi tatu. Tarehe 30 Aprili 2025, Kamati ya kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile tunayoita CICR, ilianza kuwasindikiza kutoka Goma kuelekea Kinshasa. Kazi ilimalizika katikati ya mwezi wa tano, na watu zaidi ya 1,300 walikuwa wamesafirishwa. Hilo liliwezekana juu ya mambo mawili. Wahusika wote walikubali: Wizara ya ulinzi, M23 na MONUSCO. Kisha kila mtu alijulikana ni nani na yuko wapi. Kundi hilo lilikuwa na majina, na njo maana lilifika.

Kundi la pili ni wale walioshikwa na M23 ao waliojitoa kwake. Siku zile za mwisho wa Januari, watu wa Goma waliona kwa macho yao askari wakikusanywa kwenye Stade de l'Unité, wakipandishwa kwenye magari na kupelekwa Rumangabo, wilaya ya Rutshuru. Kisha Bukavu ikaanguka katikati ya Februari, na polisi wengi nao wakajiandikisha upande wa utawala mpya. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yalieleza baadaye kwamba kati ya walioshikwa kuna waliopewa mafunzo na kuingizwa katika jeshi la M23, wengine bila kupenda kwao. Sasa mtu wa namna hiyo tumuite nani? Mfungwa? Askari wa upande mwingine? Mama yake aliye Kananga ao Kisangani hajui, na hakuna ofisi iliyomwambia.

Kundi la tatu ni marehemu wasiokuwa na jina. Tarehe 24 Februari 2025, Waziri mkuu Judith Suminwa aliwaambia wajumbe wa Baraza la haki za binadamu kule Geneva kwamba watu zaidi ya 7,000 walikufa tangu mwezi wa kwanza, na kwamba miili zaidi ya 2,500 ilizikwa bila kutambuliwa. Raia na askari wamo pamoja. Tafakari hesabu hiyo vizuri: kwa kila mwili mmoja uliozikwa bila jina, iko nyumba moja fulani ambamo watu wangali wanapiga simu isiyopatikana.

Kundi la nne ni waliokimbia, waliojificha, waliovua nguo za jeshi na kurudi vijijini kama raia. Hao wenyewe hawataki kupatikana, na sababu yao tutaiona punde.

Makubaliano ya Doha yanagusa hasa kundi la pili, pamoja na watu ambao M23 inawadai kutoka magereza ya Kinshasa na kwingine. Kundi la tatu na la nne hayawagusi. Kwa hiyo familia inayongojea Doha bila kujua mtu wao ni wa kundi gani, inaweza kungojea kwenye mlango ambao si wake.

Askari wa kigeni walirudi na majina

Tuangalie mfano ulio karibu. Katika vita vile vile vya Sake na Goma walikufa pia askari wa ujumbe wa SADC: 14 kutoka Afrika Kusini, na wengine wa Malawi na wa Tanzania. Afrika Kusini ilitangaza majina. Tarehe 13 Februari 2025 majeneza ya askari wake 14 yalifika nyumbani kwa ndege, na familia zikaweza kulia na kuzika. Ilichukua kama wiki tatu, na wananchi wa kule waliona hata hizo wiki tatu ni nyingi, wakakasirikia serikali yao.

Kwetu, desturi ya jeshi ni kunyamaza juu ya idadi ya waliokufa. Hakuna orodha ya majina inayobandikwa kwenye lango la kambi. Wakubwa wanasema adui asijue hasara tuliyoipata. Kweli, katika vita siri ina kazi yake. Lakini kumwambia mke wa askari kwamba bwana yake amekufa, ameshikwa ao anatafutwa, hiyo si siri ya vita. Adui anajua tayari aliyemuua na aliyemshika. Anayefichwa ni familia.

Wakati serikali inapotaka, inawezekana. Mwezi wa tano 2022, askari wawili wa Rwanda walishikwa upande wa Kongo. Kigali ilisema walitekwa wakiwa doria kwenye mpaka. Rais wa Angola João Lourenço aliingia kati, na mwezi wa sita wakarudishwa kwao. Walikuwa wawili, majina yalijulikana, kila upande ulijua unaongea juu ya nani. Kesi yenye majina inaendeshwa haraka. Kesi ya "mamia ya askari" inabaki hotuba.

Mfungwa ao mtoro?

Hapa tunagusa kidonda. Askari akikosekana bila mtu kujua aliko, jeshi linaweza kumhesabu kama aliyekimbia. Na kukimbia mbele ya adui ni kosa zito katika kanuni ya adhabu ya kijeshi ya 2002. Mwezi wa tatu 2024, Wizara ya sheria iliondoa ile hatua iliyokuwa imesimamisha utekelezaji wa adhabu ya kifo. Mwezi wa tano mwaka huo, maofisa na askari nane walihukumiwa kifo mjini Goma. Mwanzo wa mwezi wa saba, tribinali ya kijeshi katika wilaya ya Lubero ilihukumu kifo askari 25 kwa siku moja, kwa kosa la kukimbia adui na mengine.

Si kazi ya uchambuzi huu kusema nani kati yao alistahili nini. Lakini matokeo yake yanaonekana. Askari aliyetenganishwa na wenzake, akabaki peke yake msituni siku kumi, anaogopa kurudi kwenye kikosi chake. Aliyeshikwa na kuachiwa anaogopa kuulizwa juu ya nini hakufa. Aliyeingizwa kwa nguvu upande wa pili anajua kwamba akirudi anaweza kuitwa msaliti. Basi wote wananyamaza, hawapigi simu, hawaandiki. Familia inafikiri amekufa, jeshi linafikiri ametoroka.

Kama Kinshasa inataka watu wake warudi, inapaswa kusema wazi neno moja: askari aliyeshikwa si mwenye kosa kwa sababu tu alishikwa. Kama kuna mashtaka mengine, asikilizwe kwanza, na awe na mwanasheria. Bila neno hilo, hata gari la CICR likifika mlangoni, kuna watakaosema "mimi sipandi". Na CICR haimpandishi mtu kwa nguvu. Kanuni yake ni kuongea na kila mmoja faraghani kabla ya safari, kujua kama anakubali kweli kurudi.

Mke wa askari si mjane, si mke

Tuongee pia juu ya wale wanaobaki nyumbani. Mshahara wa askari siku hizi unapita benki. Kadi na nambari ya siri anavyo mwenyewe. Akikosekana, mara nyingi mama hawezi kutoa hata franga moja. Akienda kuuliza kwenye kikosi, anaambiwa lete karatasi ya kifo. Akienda kutafuta karatasi ya kifo, anaulizwa maiti iko wapi. Na kwa wale walio Goma ao Bukavu, mambo ni mabaya zaidi: mabenki yalifungwa tangu mji ulipobadilisha mikono, na ofisi za jeshi zilizokuwa na faili zao hazipo tena.

Kumbe sheria yetu iliwaza jambo hili. Kanuni ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inatenganisha hali mbili. Kuna mtu ambaye hayupo na hakuna habari zake. Na kuna mtu aliyepotea katika hali ya hatari ya kifo, kama vile vita ao ajali ya mashua, na mwili wake haukuonekana. Katika hali hii ya pili, familia inaweza kuomba tribinali itangaze kwa hukumu kwamba amekufa, hata bila maiti. Hukumu hiyo ndiyo inafungua mlango wa urithi, na inamruhusu mama kuendelea na maisha yake.

Shida ni kwamba wengi hawajui, na wanaojua wanaogopa. Kuomba hukumu ya kifo kwa mtu ambaye pengine anaishi, hilo ni jambo la kutetemesha. Jamaa ya bwana inaweza kusema mama anaharakisha juu ya mali. Ndiyo sababu habari ya kweli kutoka kwa aliyemshika ni dawa kuliko karatasi ya tribinali. Jina moja kwenye orodha ya wafungwa linaokoa nyumba nzima kutoka kwenye makosa ya aina hiyo.

Na kuna walio chini zaidi: familia za Wazalendo. Sheria ya mwezi wa tano 2023 iliunda jeshi la akiba la ulinzi, lakini vijana wengi walipigana bila nambari ya jeshi, bila faili. Mmoja wao akishikwa, hakuna kikosi kinachoweza hata kusema "huyu ni wetu". Kwenye meza ya mazungumzo nani atamtaja?

Sheria inasema nini

Wasomaji wengine watauliza: kwani hao ni "wafungwa wa vita"? Jibu lina sehemu mbili. Mkataba wa tatu wa Geneva wa 1949 unatoa hadhi hiyo katika vita kati ya nchi na nchi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema mara kadhaa kwamba jeshi la Rwanda linapigana pamoja na M23, na Kigali inakana. Kwa askari wa Kongo anayeshikwa na askari wa Rwanda, mkataba huo wote unahusika, na ndani yake imekatazwa kumlazimisha mfungwa kutumika katika jeshi la adui yake.

Vita kati ya serikali na kundi lenye silaha vina sheria fupi zaidi, lakini si kwamba hakuna sheria. Kifungu cha 3 cha mikataba yote minne kinakataza kuua, kutesa na kudhalilisha mtu aliyeweka silaha chini. Na sheria ya desturi ya vita inadai mambo mawili kwa kila upande, uwe serikali ao kundi: kuandika majina ya watu wanaowashikilia, na kufanya kila linalowezekana ili kujua waliopotea wako wapi na kuwapasha habari jamaa zao. Haisemi "mkipenda". Haisemi "baada ya amani".

Hata sisi wenye simu inatuhusu. Video za askari walioshikwa, wakiwa wamekaa chini, wakihojiwa, wakitukanwa, zinazunguka kwenye WhatsApp na TikTok. Kuna familia zilizomuona mtu wao humo kwa mara ya mwisho. Mkataba wa Geneva unakataza kumweka mfungwa mbele ya macho ya watu kama kitu cha kutazamwa. Kama unamtambua mtu kwenye video, wapashe jamaa zake kwa utaratibu, usiirushe kwenye magrupu.

Lusaka ilitufundisha nini

Hii si mara ya kwanza kwa Kongo. Mkataba wa Lusaka, uliotiwa sahihi tarehe 10 Julai 1999, ulikuwa na maneno juu ya wafungwa, na yalipangwa kwa akili. Pande zote zilitakiwa kuipa CICR habari za watu wanaowashikilia na kuiacha iwatembelee. Kuwaachilia kulipangwa ndani ya siku tatu. Sote tunajua kwamba siku tatu hizo hazikuwa siku tatu, na vita viliendelea. Lakini wazo lilikuwa sawa: habari, kutembelea, kisha kuachilia.

Kule Doha pia CICR imepewa kazi ya kuwa mtu wa katikati: kusaidia kutambua wafungwa, kuhakikisha majina, na kuwaachilia kwa usalama. Maneno ni mazuri. Ila hadi mwisho wa 2025 familia zilikuwa zingali zinangojea. Tunaona vikwazo vitatu.

Cha kwanza, watu wanaodaiwa si wa aina moja. Upande wa M23 unataka pia watu waliokwisha hukumiwa na tribinali. Ili watoke, lazima rais atoe msamaha, ao bunge lipige kura ya sheria ya amnestia kama ile ya mwezi wa pili 2014. Na raia waliopoteza watu wao wana haki ya kuuliza kama wahalifu wakubwa watapita katika mlango huo huo.

Cha pili, walioingizwa katika jeshi la upande mwingine. Aliyewaingiza atasema wamekuja kwa kupenda. Bila mtu wa katikati kuongea nao peke yao, neno hilo halina thamani.

Cha tatu, kila upande unaweka watu wake kama akiba ya biashara. Mfungwa anakuwa kitu cha kubadilishia. Anayejua bei yake inapanda hana haraka ya kumuuza.

Ndiyo maana tunasema majina kwanza. Kubadilishana kunahitaji siasa ielewane. Kuandika majina hakuhitaji hivyo. Kinshasa inaweza kuipa CICR majina ya inaowashikilia leo, na M23 vilevile, hata kama mizinga ingali inalia. Mfungwa aliyeandikwa ni vigumu kumuua usiku na kusema hatujamuona. Aliyeandikwa anaweza kutuma barua. Aliyeandikwa, mke wake anajua kama atangoja ao aombolezee.

Familia ifanye nini sasa

Kwanza, kuomba CICR ao Msalaba Mwekundu wa Kongo wamtafute ndugu yako ni bure. Hakuna pesa ya faili, hakuna pesa ya usafiri wa barua. Mtu anayekuomba dola ili aweke jina la mtoto wako kwenye "liste ya Doha" ni mwizi. Liste ya namna hiyo haiuzwi.

Pili, kusanya habari kabla ya kwenda: majina kamili jinsi yanavyoandikwa jeshini, nambari ya jeshi, kikosi, cheo, mahali na siku ya mwisho alipoonekana ao aliposikika, majina ya wazazi, na alama za mwili kama kovu ao jino lililovunjika. Alama hizo zinasaidia pia kama kaburi litafunguliwa siku moja.

Tatu, ujumbe wa Msalaba Mwekundu unabeba habari za familia tu. Wakubwa wa mahali anaposhikiliwa wanaweza kuusoma. Basi usiandike juu ya vita wala siasa: andika kwamba mtoto amezaliwa, kwamba baba anaumwa, kwamba mnamngojea.

Nne, mkibadilisha nambari ya simu ao mkikimbia kutoka mahali mlipokuwa, rudini kusema. Kuna majibu yanayofika kwenye nyumba iliyobaki tupu.

Na kwa wale wanaokaa kwenye meza, Kinshasa na AFC/M23, swali letu ni fupi. Hatuulizi mtaachilia watu wangapi. Tunauliza: mko nao wangapi, na wanaitwa nani?